Laptopu Isiyofunguka Si Yako

Kila nikitoa laptopu yangu mbele ya watu wa Nairobi, lazima mmoja acheke. "Manze, hii umeitoa makumbusho?" Kicheko kikiisha ushauri unafuata, na ni uleule kila mara: jikaze, tafuta pesa, nunua mpya. Wanaoutoa si watu wabaya. Wengi ni marafiki zangu, na wengi wana laptopu ambazo wao wenyewe wanaogopa kuzigusa.

Yangu ni ThinkPad T420. Ilitoka mwaka 2011, nikiwa bado shule ya msingi nikivaa kaptula. Kwa hivyo ina umri wa mtoto wa Gredi ya 9. Ni nyeusi, nene kama Biblia ya mchungaji, na ina uzani wa zaidi ya kilo 2. Ukitembea nayo kutoka stendi hadi nyumbani, bega linajua. Kila makala niliyowahi kulipwa nimeiandika kwayo. Leo naandika kwayo kuwaambia wanaonicheka kwamba wao ndio waliouziwa kitu duni, hata kama kiling'aa vipi dukani.

Yangu inatengenezwa Kathonzweni. Zao nyingi hazitengenezwi popote. Ugomvi wangu wote uko hapo.

Kwa wasiojua: ukifika mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, bado hujafika kwetu. Unapanda gari lingine. Mvua ya huku ni ya kubahatisha, na pesa ya huku inatoka kwa ndengu, mbaazi, maembe na mbuzi. Mimi nilirudi nikiwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imewashinda watu wa nyumbani, nikiwa na begi moja na hiyo mashine. Niliinunua katikati ya 2021 kwa muuzaji wa vitu vya ex-UK jijini, shilingi 13,500. Ilikuja na RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka ndani kama sahani ya santuri. Kuwaka tu ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Nikaanza kuitengeneza kidogo kidogo, jinsi watu wanavyojenga nyumba huku: tofali likipatikana, linawekwa.

Kwanza diski. Kwenye T420, diski inashikiliwa na skrubu moja. Unafungua kifuniko kidogo ubavuni, unavuta, inatoka. Nilitumia bisibisi ya shilingi 50 kwenye meza ya jikoni ya mwaitu, nikaweka SSD ya shilingi 3,200. Tangu siku hiyo mashine inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Pili RAM: shilingi 2,300, kutoka GB 4 hadi 12. Tatu betri: shilingi 3,800. Hiyo hata bisibisi haihitaji, unasukuma vifungo viwili tu kwa kidole. Nne feni, iliyokuwa imeanza kulia kama posho mill. Tano kibodi, baada ya kikombe cha chai kupinduka.

Kwa feni nilienda kwa fundi wa sokoni. Ni mzee anayetengeneza redio, simu, chaja za sola, hata pampu za maji zikimfikia. Alikuwa hajawahi kufungua laptopu ya aina hiyo. Nikamwambia, "Mzee, kuna kitabu chake." Mwongozo wa kutengeneza ThinkPad hutolewa bure na kampuni yenyewe, unaupakua tu. Tuliusoma kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Kila skrubu imechorwa, kila hatua ina namba: ukitaka kutoa hiki, toa kile kwanza. Mzee alivaa miwani, akasoma kurasa chache, akasema, "Kijana, huyu aliyeandika hii alikuwa fundi." Akafungua, akatoa vumbi ambalo lingetosha kupanda kunde, akabadilisha ile krimu ya kupitisha joto, akarudisha kila kitu. Shilingi 500. Alipofika mteja mwingine mwenye laptopu ya aina hiyo, wala hakuniita.

Kibodi ilitolewa kwa mashine iliyokufa ya mtu mwingine, 1,500. Jumla ya matengenezo yote ni shilingi 11,300. Ukiongeza bei ya kununulia, ni 24,800 kwa miaka minne na nusu. Haifiki 500 kwa mwezi.

Sasa nikupe hesabu ya upande wa pili.

Dadangu mdogo alipopata nafasi chuoni, mwaitu alisema hataki mtoto wake achekwe. Nikamwambia tutafute ya mkono wa pili. Akakataa, na ninamwelewa. Mtu aliyevaa mitumba maisha yake yote ana haki ya kutamani kufungua karatasi ya plastiki mara moja. Aliuza magunia matatu ya ndengu na mbuzi mmoja, akaenda dukani, akanunua laptopu mpya kabisa kwa shilingi 29,500. Nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha. Siku ilipofika nyumbani hata mimi niliionea wivu.

Ilikuwa na hifadhi ya GB 64. Baada ya miezi sita Windows ilikuwa imejaza nusu ya nafasi hiyo yenyewe, na sasisho jipya halikuwa na pa kuingia. Akawa anafuta picha ili apate nafasi ya kuandika. Mwezi wa 14, ikazimika katikati ya ripoti yake ya mafunzo ya kazini na ikakataa kuwaka. Waranti ilikuwa ya miezi 12.

Tuliipeleka kwa mzee wa sokoni. Aliigeuza, hakuona skrubu. Zilikuwa zimefichwa chini ya miguu ya mpira iliyogundishwa. Akaibandua, akatumia kadi ya simu kupenyeza kingo, na ilipofunguka alinyamaza kwa muda. Hakukuwa na nafasi ya RAM. Hakukuwa na diski ya kuchomoa. Vyote viwili vilikuwa vijiwe vyeusi vilivyochomelewa kwa risasi kwenye bodi ileile moja. Betri ilikuwa imegundishwa chini. Mwongozo tulitafuta, hatukuuona. Nikauliza bei ya bodi nzima Nairobi; ilikaribia bei ya laptopu nyingine.

Na ripoti? Kwangu, bodi ikifa leo, nachomoa diski, naiweka kwenye mashine nyingine, kazi inaendelea kesho. Kwake, kazi zake zilikuwa ndani ya bodi iliyokufa. Aliiandika ripoti upya kwa simu, kwa kidole gumba, usiku nne mfululizo.

Mwaitu aliuliza swali moja tu: "Sasa mimi nilinunua nini?"

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili. Hatukununua laptopu. Tulikodi laptopu kwa miezi 14, kwa bei ya kununua. Gawanya mwenyewe: inazidi 2,100 kwa mwezi. Mwenye nyumba akikutoza kodi, ukitoka anajua na wewe unajua kwamba nyumba ni yake. Hapa tumeuziwa nyumba, tumepewa risiti, lakini funguo zimebaki kiwandani.

Wahenga walituonya kuhusu hili jambo: kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyumbani kwetu kidonda hicho kiko kwenye kabati, chini ya nguo, kwa sababu mwaitu hana moyo wa kukitupa.

Najua jibu la watengenezaji. Watasema huo ndio ulimwengu wa sasa, vitu vyembamba lazima vigundishwe. Si kweli, na historia inawaumbua.

ThinkPad ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1992, kisha Lenovo wakainunua biashara hiyo 2005. Kwa miaka mingi kanuni ya mashine hizo za kazi ilikuwa kwamba fundi wa ofisi aweze kubadilisha kifaa na mfanyakazi arudi kazini siku hiyohiyo. Lakini 2012 upepo ulikuwa umegeuka. Apple walitoa MacBook Pro ya skrini ya Retina, RAM ikiwa imechomelewa na betri imegundishwa. iFixit, watu wanaofungua vifaa na kuvipima, waliipa alama 1 kati ya 10. Ilisifiwa dunia nzima kwa wembamba wake. Wengine wakafuata. Hata ThinkPad ninazozisifu hazikubaki safi: kizazi cha 2012 kilikuja na programu inayoikataa betri isiyo ya kampuni. Inaingia vizuri, ila mashine inagoma kuichaji. Betri ya nje ya kuchomoa ilidumu kwenye familia ya T hadi T480 ya 2018. T490 iliyofuata ikaifungia ndani, na sehemu ya RAM ikachomelewa. Ukiziweka hizo mbili mezani, mtu asiyejua atasema ni pacha.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka 2020 Nirav Patel alianzisha kampuni ya Framework huko Marekani, na 2021 wakatoa laptopu yenye unene usiofika milimita 16 na uzani wa kilo 1.3. Unafungua kwa bisibisi inayokuja nayo ndani ya boksi. RAM unabadilisha, diski unabadilisha, skrini, betri, hata bodi nzima unatoa na kuweka mpya huku mwili ukibaki uleule. Kwa hivyo wembamba si sababu. Gundi ni uamuzi. Kuna mtu alikaa kwenye meza, akapima faida ya skrubu na faida ya gundi, akachagua, na hakumfikiria mwaitu hata sekunde moja.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko mtu yeyote.

Fikiria laptopu ya ex-UK inatoka wapi. Kampuni au chuo huko Uingereza kinanunua mamia, kinazitumia miaka kadhaa, kinazitoa. Zinapakiwa, zinasafiri, zinafika Mombasa, zinapanda hadi Luthuli Avenue na Moi Avenue, na moja kati yazo inaishia kwenye meza ya jikoni Kathonzweni. Maana yake laptopu inayouzwa mpya London leo ndiyo tutakayonunua sisi 2031. Uamuzi wa skrubu au gundi unafanywa huko leo, na bili inatufikia baadaye. Kizazi changu kilibahatika kuokota mashine za 2011 hadi 2018, zile zinazofunguka. Zinazoteremshwa sasa ni za 2019 kuendelea. Akiba ya laptopu za kufunguka inaisha, watu wangu, na hakuna anayeipigia kelele.

Juu ya hapo ongeza programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 rasmi inahitaji chipu ya Intel ya kizazi cha 8 au karibu na hapo, kwa hivyo mamilioni ya mashine nzima kabisa zikatangazwa kuwa wazee siku moja. Yangu ni ya kizazi cha 2. Niliweka Linux Mint, bure, jioni moja, kwa bando la kawaida. Inaandika, inafungua barua pepe, inapokea pesa za kazi. Mashine haikujua kwamba imestaafishwa.

Nisikilize pia wapinzani wenye hoja nzito. Wako wanaosema mimi natetea jaa, kwamba hizo laptopu za ex-UK ni takataka za Ulaya tunazoletewa zikiwa zimevaa jina la bidhaa. Hatari hiyo ipo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndiyo maana tangu Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka za kielektroniki za aina yoyote hazifai kuvuka mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea.

Lakini jiulize ni nini hugeuza kompyuta iliyotumika kuwa taka. Umri peke yake hauwezi. T420 yangu ni mzee na si taka. Ya dadangu ilikuwa na miezi 14 na ni taka. Tofauti ni kama kuna mtu anayeweza kuirudishia uhai kwa bisibisi na pesa kidogo. Ukitaka kupambana na jaa, pambana na gundi kwanza. Ukipiga marufuku mitumba huku ukiruhusu mpya za kugundishwa, umebadilisha tu boksi ambalo taka inakuja nalo.

Wapo pia watakaosema naupamba umaskini. Hapana. Sitaki mtu aniambie mashine hii ni tamu. Video mbili zikifunguka pamoja, inapumua kama ng'ombe wa Oktoba. Kioo chake ni hafifu juani. Ikifika siku ya kuiacha, nitaiacha bila machozi. Ninachokataa ni mtu mwingine kuamua siku hiyo akiwa kiwandani, kabla mimi sijainunua.

Na tusijifanye kana kwamba kutengeneza ni utamaduni wa kuazima. Angalia sokoni Kathonzweni. Boxer ya bodaboda ina miaka kumi, imebadilishwa cheni, breki, kiti, hata injini, na bado inampeleka mgonjwa zahanati usiku. Jembe la susu limebadilishwa mpini mara ngapi sijui, na hakuna siku aliyoenda dukani kununua jembe zima kwa sababu mpini umevunjika. Baiskeli, jiko, pampu, cherehani: kila kimoja kina fundi wake na vipuri vyake. Muuzaji wa pikipiki akileta moja ambayo tairi limechomelewa kwenye fremu, ukipata pancha unanunua pikipiki nyingine, vijana wa stendi watamfukuza kwa mawe. Laptopu ikija hivyohivyo tunaita maendeleo.

Serikali nayo? Serikali yetu inapenda kuhesabu vifaa. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikaja tabuleti. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River, na sote tukapewa bei. Januari 2013 jiwe la msingi la Konza liliwekwa kule Malili, katika kaunti yetu hii hii ya Makueni, na likaitwa mji wa teknolojia. Vyote hivyo nimesikia vikipigiwa makofi. Sijasikia hata hotuba moja ikiuliza kifaa kikiharibika Kathonzweni, nani atakifungua, kwa mwongozo gani, kwa kipuri kutoka wapi.

Hata walipokumbuka taka, walikumbuka upande wa kutoza. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa mazingira, ule wa Eco Levy, kwa vifaa vya kielektroniki vikiwemo kompyuta na simu. Kizazi chetu kiliingia barabarani tarehe 25 Juni, watu wakafa, na siku iliyofuata Rais akasema hatausaini. Tuliukataa mswada mzima kwa sababu nyingi. Lakini angalia jinsi ushuru ule ulivyopangwa: ulitoza kwa aina ya kifaa. Laptopu ya kudumu miaka 15 na ile ya miezi 14 zingelipa sawasawa. Huo si ushuru wa mazingira, ni ushuru wa kununua.

Ajabu ni kwamba sheria za kutosha tunazo, ila zimelala. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya matumizi kuisha. Basi jukumu hilo lianze mapema, kwenye skrubu. Na kuna Katiba. Ibara ya 46 inampa kila mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kikamilifu. Mimi si wakili, sikumaliza hata digrii ya kitu kingine, lakini najua kusoma. Mwongozo wa kutengeneza ni habari. Kujua kwamba hifadhi imechomelewa kwenye bodi ni habari. Mwaitu alipotoa pesa ya ndengu hakuambiwa, na kama angeambiwa angerudi nyumbani na pesa yake.

Wenzetu wameanza, na hata wao wameanza kwa kusuasua. Ufaransa tangu Januari 2021 duka linalazimika kuonyesha alama ya urahisi wa kutengeneza, kati ya 10, kwa laptopu na vifaa vingine kadhaa. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya aina hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Lakini mwaka 2024 walipopitisha sheria ya haki ya kutengenezewa, orodha ilikuwa na mashine za kufua, simu na tabuleti, laptopu hazikuwemo. Na hata zingekuwemo, haki hizo ni za mnunuzi wa kule. Zikivuka bahari tunapokea mashine bila haki yake. Hatuwezi kukaa tukisubiri makombo ya sheria za watu.

Kwa hivyo mimi nataka mambo matatu, na si makubwa. La kwanza: laptopu yoyote inayouzwa Kenya, mpya au ya mkono wa pili, iandikwe wazi dukani kama RAM, hifadhi na betri vinabadilishwa au havibadilishwi. Mstari mmoja, kama ule wa tarehe ya maziwa kuharibika. La pili: serikali isinunue kwa kodi yetu kifaa chochote cha shule au ofisi kisichofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, ambacho mwongozo wake hauko wazi. Mnunuzi mkubwa akikataa gundi, muuzaji atatafuta skrubu. La tatu: mafundi kama yule mzee wa sokoni watambuliwe kama sehemu ya teknolojia ya nchi hii, wafunzwe na wafunze, kwenye vyuo vya ufundi vilivyo karibu nao. Kijana wa Makueni anayejua kufungua laptopu ana kazi kesho asubuhi.

Na wewe unayesoma haya kwenye simu ukiwa ndani ya matatu, una kazi yako pia. Kabla hujatuma M-Pesa, igeuze hiyo laptopu. Tafuta skrubu. Muulize muuzaji: RAM inaongezeka? Diski inatoka? Betri inapatikana, na bei gani? Nikitafuta mwongozo wake sasa hivi nitaupata? Akikwambia "hiyo haiharibiki bana", shukuru, toka. Kila kitu huharibika. Kama ni ex-UK, tafuta jina kamili la modeli na herufi zake zote, kwa sababu herufi moja inaweza kuwa tofauti ya RAM ya kuchomoa na RAM ya kuchomelewa. Na rafiki yako akitoa mashine nene mezani, usicheke kabla hujamuuliza amebadilisha nini.

Dadangu sasa anatumia T480. Tulichanga, tukaipata ya mkono wa pili, na mara hii hakuna aliyezungumza juu ya kuchekwa. Siku ilipofika ilikuwa jioni na stima ilikuwa imepotea, kama kawaida. Nilitaka kumwonyesha jinsi ya kuongeza RAM, akaninyang'anya bisibisi. Mwaitu alimulika kwa simu. Dada alifungua sehemu ya chini, akaweka RAM, akasikia ikibana, kisha akachomoa diski na kumwekea mwaitu kiganjani.

"Vitabu vyako vyote viko humu?"

"Vyote, mwaitu."

"Na hii nyingine ikifa?"

"Natoa hii, naweka kwingine."

Mwaitu aliipima mkononi, kama anavyopima ndengu kabla ya kukubali bei, akairudisha. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa ile ya rangi ya fedha, akaniambia niipeleke kwa mzee wa sokoni. Pengine kioo chake kitamfaa mtu.